Njia ya Sauti: Nafasi ya Kiswahili katika Mitambo ya Ukalimani

1.0 Utangulizi

Mada niliyoichagua huenda ikawashangaza baadhi yenu. Katika mihadhara ya namna hii tumezoea kusikia habari za fasihi, lahaja, sarufi na istilahi. Leo nawaomba tuelekeze fikra zetu kwenye vipaza sauti, vibanda vya wakalimani, na vyombo vinavyotuma na kupokea sauti na picha kwa njia ya mtandao. Mambo haya tumezoea kuwaachia mafundi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba yanatuhusu sisi pia.

Tangu mwaka 2003 Kiswahili kimepata vyeo vingi. Mwaka huo, mjini Maputo, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya kurekebisha Sheria yake ya Kuanzishwa, na itifaki hiyo ilikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja. Julai 2004, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji, akiwa anamaliza muda wake wa uenyekiti wa Umoja huo, aliwahutubia viongozi wenzake mjini Addis Ababa kwa Kiswahili. Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikutana Dar es Salaam na kukifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kama lugha ya kazi.

Vyeo hivi ni vya kujivunia. Hata hivyo, cheo hutolewa kwa azimio, na matumizi huhitaji kitu kingine. Mjumbe akifungua kinywa na kusema Kiswahili, sauti yake inakwenda wapi, na inapita wapi kabla ya kumfikia asiyejua Kiswahili? Na mjumbe mwingine akisema Kireno, msikilizaji wa Kiswahili anamsikia nani hasa? Hoja ya mhadhara huu ni kuwa nafasi halisi ya lugha mkutanoni huamuliwa na mpango wa njia za sauti, na kwamba wataalamu wa Kiswahili hawana budi kuwapo mpango huo unapochorwa.

2.0 Asili ya mfumo

Ukalimani wa kusema papo hapo, mzungumzaji akiwa anaendelea, ulipata umaarufu katika kesi ya viongozi wa utawala wa Hitler iliyofunguliwa mjini Nuremberg, Ujerumani, tarehe 20 Novemba 1945. Lugha zilikuwa nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Mitambo ilitolewa na kampuni ya IBM. Kila mshiriki alikuwa na visikilizio masikioni na swichi ya kuchagulia mkondo. Natumia neno mkondo kwa maana ya njia moja ya sauti inayojitegemea. Mkondo wa kwanza ulikuwa wa sauti ya ukumbini, yaani sauti ya mzungumzaji mwenyewe kama ilivyotoka kinywani mwake. Mikondo minne iliyobaki ilikuwa ya lugha hizo nne. Kulikuwa pia na taa mbili: ya njano ilimwomba mzungumzaji apunguze kasi, na nyekundu ilimtaka asimame.

Mwaka 1947 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kuutumia mfumo huo kwa kudumu. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Kuna sauti ya ukumbini, kuna vibanda ambamo wakalimani huisikia na kuigeuza, na kuna mikondo inayompelekea kila msikilizaji lugha aliyoichagua. Kilichobadilika ni namna mambo hayo matatu yanavyounganishwa.

3.0 Mtandao na jedwali la njia

Zamani kila mkondo ulikuwa na waya wake. Aliyetaka kujua sauti inakwenda wapi aliweza kuufuata waya kwa kidole mpaka mwisho. Siku hizi sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, hukatwa vipande vidogo na kusafirishwa pamoja na picha katika mtandao wa kompyuta. Kebo moja hubeba sauti nyingi kwa pamoja. Chombo kinachotuma na kupokea kinaweza kuwa ukumbini Arusha na kingine kikawa katika chumba cha mkalimani aliye Bujumbura. Njia haionekani tena kwa macho; imo ndani ya programu.

Ndani ya programu hiyo njia za sauti hupangwa kama jedwali. Upande wa kushoto huorodheshwa sauti zote zinazoingia: kipaza sauti cha mwenyekiti, vipaza sauti vya wajumbe, sauti ya filamu inayoonyeshwa, na sauti ya kila kibanda. Juu huorodheshwa mahali pote sauti inapokwenda: spika za ukumbi, visikilizio vya kila lugha, masikio ya wakalimani, vituo vya mbali, na kinasa sauti. Katika kila makutano ya mstari na safu fundi hujibu swali moja: sauti hii ifike pale au isifike? Kiswahili kinaweza kuandikwa rasmi katika katiba ya jumuiya, lakini ikiwa katika jedwali hilo safu yake haina alama, kimenyamazishwa bila mtu yeyote kupiga kura.

Kanuni tatu hutawala jedwali hili. Kanuni ya kwanza ni kwamba kila kituo hupelekewa sauti zote isipokuwa ya kwake. Mkalimani wa mbali akirudishiwa sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa, atasikia mwangwi wa maneno yake na ulimi utamkwama.

Kanuni ya pili inahusu ukawiaji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limependekeza kwamba katika mazungumzo ya kawaida sauti isichukue zaidi ya sehemu 150 za elfu ya sekunde kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ikizidi sana hapo, watu huanza kukatizana maneno.

Kanuni ya tatu inahusu upana wa sauti. Simu ya kawaida ya zamani ilipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Viwango vya kimataifa vya ukalimani, kikiwamo kile cha ISO 20108 cha mwaka 2017, vinataka mkalimani apate kati ya hezi 125 na 15,000. Tofauti hiyo ni kubwa, na kama nitakavyoonyesha, ina maana ya pekee kwa lugha yetu.

4.0 Sarufi ya Kiswahili ndani ya mtambo

Mitambo hii haikubuniwa kwa kuifikiria lugha fulani, lakini makosa yake hayaziathiri lugha zote kwa namna moja. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa silabi ya mwanzo. Baadhi ya vyombo huwa na vipaza sauti vinavyojifungua vyenyewe vinapohisi sauti na kujifunga pakiwa kimya. Huokoa kazi, lakini mara nyingi huchelewa kufunguka, na sehemu ya kwanza ya neno hupotea. Katika lugha nyingi hasara hiyo ni ndogo. Katika Kiswahili ukanushi huwekwa mwanzoni kabisa mwa kitenzi. Mjumbe anasema, "Hatukubali azimio hili." Mtambo unameza silabi ya kwanza. Kibandani inafika sentensi kamili, sanifu, isiyo na dosari yoyote ya kisarufi: "Tukubali azimio hili." Mkalimani hana sababu ya kushuku. Hali ni hiyo hiyo kwa hatujibu na tujibu, hatusamehe na tusamehe, hatusafiri na tusafiri. Vitenzi vya asili ya Kibantu hutupa kinga kidogo, kwa sababu irabu ya mwisho hubadilika: hatupendi haiwezi kugeuka tupende kwa kukatwa kichwa tu. Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu havina kinga hiyo, navyo ndivyo vinavyotawala lugha ya mikutano: kukubali, kuafiki, kujadili.

Mfano wa pili ni wa konsonanti. Nguvu kubwa ya sauti s iko juu ya hezi 4,000, mahali ambapo simu haifiki. Ndiyo maana kwa muda mrefu watu wamekuwa wakichanganya s na f wakizungumza kwa simu. Mjumbe akiunganishwa kwa simu aseme kwamba mwenyekiti alimsuta katibu, mkalimani anaweza kusikia kwamba alimfuta. La kwanza ni lawama. La pili ni mtu kupoteza kazi. Vivyo hivyo kwa sumbua na fumbua. Muktadha husaidia mara nyingi, lakini mkalimani anayelazimika kukisia kila baada ya sentensi mbili huchoka upesi, na uchovu wake huwa kosa la mtu mwingine.

Mfano wa tatu ni wa upatanisho wa kisarufi. Mzungumzaji wa Kiingereza anaweza kutaja idadi, ukubwa na ubora wa kitu kabla hajakitaja kitu chenyewe. Mkalimani wa Kiswahili hawezi kusema vitatu, mitatu wala matatu kabla hajajua kama vinavyozungumzwa ni vitabu, mikataba au maazimio. Hana budi kusubiri nomino. Kungoja huko ni kwa asili ya lugha, na mkalimani hodari hukumudu. Lakini kukiongezewa ukawiaji wa mtandao na ukawiaji wa lugha ya kati, ambayo nitaieleza sasa hivi, jumla yake humtenga msikilizaji wa Kiswahili na mkutano anaoshiriki.

5.0 Lugha daraja

Tuchukue mkutano wenye lugha sita: Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kihispania na Kiswahili. Ili kila lugha ifasiriwe moja kwa moja kwenda kila lugha nyingine, zinahitajika njia 30. Lugha zilipokuwa tano zilihitajika 20. Kuja kwa ya sita kumeleta njia 10 mpya, tano za kwenda na tano za kurudi. Waandalizi wenye fedha kidogo hupenda kupunguza mzigo huo kwa kutumia lugha daraja. Kibanda cha Kiswahili huunganishwa na Kiingereza peke yake. Mjumbe akisema Kireno, kibanda cha Kiingereza humfasiri, na kibanda cha Kiswahili hufasiri kutoka kwa mkalimani huyo. Badala ya njia 10 zinatosha mbili.

Utaratibu huu si haramu. Umoja wa Mataifa wenyewe huutumia. Lakini lazima tujue gharama yake.

Gharama ya kwanza ni ya maana. Mjumbe wa Kiarabu anaposema "ninyi", lugha yake hutofautisha wazi kati ya mtu mmoja na wengi, kama ifanyavyo yetu. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa yote mawili. Sauti ikipita katika daraja hilo, tofauti iliyokuwako upande wa kwanza na inayohitajika upande wa pili huzama katikati. Mkalimani wa Kiswahili atachagua wewe au ninyi kwa kubahatisha, na lawama iliyoelekezwa kwa ujumbe mzima itamwangukia mtu mmoja. Mwarabu hutofautisha ndugu wa kiume wa mama na wa baba. Mswahili pia hutofautisha mjomba na ami. Kiingereza huwaita wote kwa jina moja. Lugha mbili zilizoishi pamoja karne nyingi katika mwambao wa Afrika Mashariki zinalazimishwa kuzungumza kama wageni kwa sababu tu ya alama iliyowekwa katika jedwali.

Gharama ya pili ni ya wakati. Tuseme mkalimani wa kwanza yuko nyuma ya mzungumzaji kwa sekunde tatu, na wa pili yuko nyuma ya wa kwanza kwa sekunde tatu nyingine. Mwenyekiti anauliza kwa Kifaransa kama kuna pingamizi, anatazama ukumbi kwa sekunde nne, kisha anagonga nyundo. Msikilizaji wa Kiswahili anaanza kulisikia swali wakati uamuzi umekwisha kupita. Katika kumbukumbu itaandikwa kwamba hakuna aliyepinga. Hapo haki ya kusema ipo, kipaza sauti kipo, mkalimani yupo tena hodari. Kilichokosekana ni njia fupi.

6.0 Sauti moja, njia mbili: mfano wa mahakama

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi mahakamani. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu iliyoko The Hague hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Katika kesi ya Thomas Lubanga, iliyoanza kusikilizwa tarehe 26 Januari 2009 na kuhusu watoto walioingizwa vitani huko Ituri, baadhi ya mashahidi walitoa ushahidi wao kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha mashariki ya Kongo, chenye msamiati na miundo ambayo mtu aliyelelewa katika Kiswahili sanifu anaweza kuipotosha akidhani ameielewa.

Mahakama za namna hii huwalinda baadhi ya mashahidi kwa kuwabadilishia sauti na kuwaficha sura. Hapa jedwali la njia huwa suala la uhai. Sauti ya shahidi lazima igawanywe mara mbili. Njia moja hupita katika chombo cha kuigeuza na kwenda kwa umma. Njia nyingine huenda kwa mkalimani ikiwa safi, kwa sababu hakuna awezaye kufasiri vizuri sauti iliyovurugwa. Mtu mwingine chumbani akiacha kipaza sauti chake wazi wakati shahidi anasema, sauti halisi inaweza kunaswa na kwenda nje kwa mlango huo. Kwa hiyo mawakili na majaji hukumbushwa kuvizima.

Kuna jambo la pili linalotuhusu sisi watafiti. Nakala rasmi za maandishi za mahakama hiyo hutolewa kwa Kiingereza na Kifaransa. Maneno ambayo shahidi aliyatamka kwa Kiswahili hubaki katika sauti iliyonaswa. Iwapo mkutano au baraza lolote litanasa mikondo ya ukalimani peke yake na kuusahau ule wa ukumbini, basi kilichosemwa kwa Kiswahili kitakuwa kimepotea moja kwa moja, na kitakachobaki ni tafsiri isiyo na asili ya kuilinganisha nayo.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo napendekeza mambo matano.

Kwanza, kibanda cha Kiswahili kipelekewe sauti ya ukumbini wakati wote, hata pale kinapotegemea lugha daraja. Mkalimani awe na swichi yake ya kuchagua chanzo. Yule anayejua Kifaransa asizuiwe kukisikia Kifaransa eti kwa kuwa mpango ulimwandikia Kiingereza.

Pili, tujenge walau njia moja ya moja kwa moja isiyopitia Kiingereza. Watu tunao. Mashariki ya Kongo na Burundi wapo wanaokimudu Kiswahili na Kifaransa. Zanzibar na Oman wapo wa Kiswahili na Kiarabu. Kaskazini mwa Msumbiji wapo wa Kiswahili na Kireno. Kujua lugha mbili hakumfanyi mtu kuwa mkalimani, lakini ndipo mafunzo yanapoanzia.

Tatu, mkondo wa ukumbini unaswe na kuhifadhiwa peke yake kila Kiswahili kinapotumika. Kinasa sauti chenye njia mbili kinatosha: kushoto sauti ya mzungumzaji, kulia sauti ya mkalimani.

Nne, idara zetu zitunge orodha fupi ya sentensi za kujaribia mitambo. Mafundi wengi hujaribu kipaza sauti kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Hesabu hiyo haifichui kosa lolote kati ya niliyoyataja. Wapewe hatukubali na tukubali, suta na futa, sindano na shindano. Mtu akae kibandani aandike alichosikia. Kazi hiyo haizidi robo saa, na inaweza kuokoa azimio zima. Pale mtambo unapokata silabi ya kwanza, kipaza sauti kifunguliwe kwa kitufe badala ya kuachiwa kujifungua chenyewe.

Tano, istilahi. Fundi na mkalimani hawawezi kuelewana haraka wakiwa hawana majina ya pamoja. Leo nimetumia mkondo, sauti ya ukumbini, lugha daraja, jedwali la njia. Siyatoi kama sheria. Nayaweka mezani yajaribiwe kazini, maana istilahi hukubalika kwa kutumika. Baraza la Kiswahili la Taifa na vyombo vingine vya ukuzaji wa lugha vinaweza kuyapima na kuyaboresha.

8.0 Hitimisho

Ndugu wasikilizaji, kizazi kilichotutangulia kilipigania Kiswahili kiingie madarasani, bungeni na katika katiba. Kazi hiyo ilihitaji wanasiasa, washairi na wanasarufi. Kazi iliyo mbele yetu inahitaji hao wote, tena inahitaji mwanaisimu atakayekubali kukaa karibu na fundi, ajifunze jedwali lake, amwonyeshe kwa nini silabi moja ya mwanzo ina thamani kuliko anavyodhani. Wanafunzi mlioko hapa mnaotafuta mada za utafiti, uwanja huu una nafasi: ukawiaji wa mkalimani wa Kiswahili haujapimwa vya kutosha, wala hatujaorodhesha maneno yetu yanayopotea katika njia nyembamba za sauti.

Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Sauti nayo hufuata mkondo iliochimbiwa. Nia ya kukitumia Kiswahili katika mabaraza ya Afrika tumekwisha kuitangaza mara nyingi. Tukachimbe mkondo wenyewe sasa, mjumbe wetu anaposema hatukubali, isikike hatukubali.